Je, Kindle Yako Inahitaji Taa ya Kusomea? Maswali na Majibu Kuhusu Macho na Usingizi

Visomaji vya vitabu vya kielektroniki, ambavyo wengi wetu tunaviita Kindle hata kama vimetengenezwa na kampuni nyingine kama Kobo, vinazidi kuingia majumbani. Ndugu aliye ughaibuni anakuletea chake cha zamani, au unakipata kwa muuza vifaa vilivyotumika. Usiku wa kwanza unazima taa ya chumba, unakiwasha, na huoni kitu. Hapo maswali huanza.

Simu inang'aa yenyewe. Mbona Kindle hii haing'ai?

Kwa sababu skrini yake haitoi mwanga. Ndani yake kuna vijimfuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme kidogo huzipandisha au kuzishusha mpaka herufi zionekane. Herufi zikishakaa, skrini haihitaji umeme tena hadi ufungue ukurasa mwingine, ndiyo maana mtu anayesoma nusu saa kwa siku hukaa wiki kadhaa bila kuchaji. Unachokiona ni mwanga wa jua au wa balbu uliogonga skrini ukarudi machoni mwako. Mchana, kibarazani, inasomeka vizuri kuliko simu yoyote.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Karatasi nyeupe ya ofisini hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia. Skrini ya wino wa kielektroniki, yaani ya kisomaji hiki, hurudisha takriban asilimia 40. Kwa hiyo balbu inayokutosha kusomea kitabu cha karatasi huenda isikutoshe hapa, na ukurasa utauona wa kijivu. Anayekwambia kifaa hiki ni sawa na karatasi anasema kweli ya mchana tu.

Watengenezaji walilijua hilo. Kindle ya kwanza ilitoka mwaka 2007 bila taa. Ya kwanza kuwa na taa yake ni Paperwhite ya mwaka 2012, na Kindle ya bei ya chini ilikaa gizani hadi toleo la 2019. Taa hizo ni vijibalbu vya LED vilivyopangwa ukingoni mwa skrini, na tabaka jembamba linasambaza mwanga wake juu ya maandishi. Mwanga unaangukia ukurasa kutoka mbele, kisha unarudi kwako. Kwenye simu na kishikwambi taa iko nyuma ya picha, inakuelekea wewe moja kwa moja.

Kusoma kwenye mwanga hafifu kunaharibu macho?

Hapana, ingawa wengi wetu tumelelewa na onyo hilo. Mwanga hafifu huchosha macho, haupofushi. Mboni hupanuka, maandishi hupoteza ukali, nawe unakaza misuli ya macho na ya paji la uso. Juu ya hayo, mtu aliyezama katika kusoma hupepesa macho mara chache. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika. Tukikodolea maandishi idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini yake, na macho hukauka. Ndiyo asili ya ule mwasho, machozi ya ghafla na kichwa kinachogonga. Ukipumzika vinaisha.

Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Hilo litakusaidia kuliko tone lolote la dawa unalouziwa bila kupimwa.

Basi nitafute chenye taa ndani, au ninunue taa ya pembeni nibaki na hiki nilicho nacho?

Anza na swali jingine: unasomea wapi, na nani yuko karibu nawe?

Kama unasomea mezani au una kitanda chako peke yako, huhitaji kifaa kipya. Unahitaji kuisogeza taa. Watu huacha balbu darini, mita mbili kutoka kwenye ukurasa, kisha wanalaumu skrini. Mwanga hupungua haraka sana kadiri chanzo kinavyokuwa mbali: ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaofika huongezeka mara nne. Balbu ileile ya LED ya wati 9 ikitoka mita mbili na kuwekwa nusu mita kutoka kwenye ukurasa, mwanga wake wa moja kwa moja unakuwa mara 16. Taa ya mezani yenye kikofia, iliyowekwa nyuma ya bega kidogo, inatosha kabisa. Kama mwako wa balbu unaonekana kwenye skrini, geuza taa, usibadili kifaa.

Taa ndogo ya kubana kwenye kava nayo inafaa, hasa safarini. Kasoro yake ni kwamba huangaza juu ya ukurasa zaidi kuliko chini, inaongeza uzito, na mwanga wa zile za bei ya kutupa hutetemeka. Ielekezee kamera ya simu: ukiona mistari inayotembea kwenye picha, mwanga wake unawaka na kuzima haraka mno kiasi kwamba jicho halitambui, na kuna watu kichwa huwauma kwa sababu hiyo.

Taa ya ndani ina thamani kwa watu wa namna tatu: anayelala chumba kimoja na mwenza au mtoto, anayeishi penye kukatika umeme mara kwa mara, na mwenye umri uliosogea. Kwa mengine yote naiona ni starehe. Si kosa kuitaka starehe, ila isiuzwe kama dawa ya macho.

Nilisoma kwamba visomaji hivi vinaharibu usingizi. Ni kweli?

Habari hiyo ilienea sana kuanzia Desemba 2014, na tangu hapo inarudiwa bila kuangalia kilichopimwa. Watafiti wa Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, waliwachukua watu 12 na kuwasomesha saa nne kabla ya kulala, jioni tano mfululizo kwa kitabu cha karatasi na jioni tano kwa kifaa. Waliosoma kwenye kifaa walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10, homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala ilishuka kwa zaidi ya nusu, na saa ya mwili ilichelewa kwa saa moja na nusu.

Sasa tazama kifaa chenyewe. Kilikuwa iPad, mwanga wake umewekwa juu kabisa, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, kwa saa nne. Magazeti yaliandika "visomaji", na wenye Kindle isiyo na taa hata kidogo wakaanza kuogopa. Kifaa kisicho na taa hakiwezi kukuzuia kulala kuliko taa unayokisomea. Kilichozuia usingizi ni wingi wa mwanga na muda wake.

Somo halali la utafiti ule lipo. Nyuma ya jicho kuna chembehai ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na zinaitikia zaidi mwanga wenye rangi ya buluu. Kwa hiyo usiku punguza mwanga wa kifaa, na kama kina uwezo wa kugeuza rangi iwe ya manjano, kama Paperwhite za kuanzia 2021, tumia. Kati ya hayo mawili, kupunguza mwanga ndiko kwenye faida ya uhakika. Nami ningeongeza la tatu ambalo halina uhusiano na balbu: riwaya ya kusisimua humkesha mtu hata akiisomea kwenye gazeti kuukuu.

Na ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu?

Okoa pesa yako. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho zikilinganishwa na lenzi za kawaida kwa muda mfupi. Chama cha madaktari bingwa wa macho cha Marekani nacho hakiipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta. Mwanga wa skrini ni mdogo sana ukilinganisha na wa jua la saa sita.

Baba yangu ana miaka 62. Kila mwaka anataka taa kali zaidi ili asome. Nimnunulie chenye taa?

Mnunulie akipenda, lakini mpeleke kwanza akapimwe macho.

Sehemu ya hali hiyo ni umri. Kuanzia miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa, mtu akaanza kushika gazeti mbali. Mboni nayo husinyaa na lenzi hugeuka ya manjano, hivi kwamba mtu wa miaka 60 hupata nyuma ya jicho takriban theluthi moja ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 katika chumba hichohicho. Ndiyo maana mzee anakuambia ni giza nawe unaona sawa tu. Hasumbui, ndivyo anavyoona. Miwani ya kusomea na taa ya karibu vitamsaidia sana. Kisomaji kina neema moja ambayo kitabu cha karatasi hakina: ataikuza herufi hadi imtoshe. Kwa mzee, hilo lina uzito kuliko taa.

Sehemu nyingine huenda ikawa ugonjwa. Mtoto wa jicho huanza hivyohivyo: mwanga hautoshi, taa za magari zinamwaga miale, rangi zinafifia. Upasuaji wake ni wa muda mfupi na huwarudishia wengi uoni. Presha ya macho kwa kawaida haiumi wala haitoi onyo mapema, na uoni ulioibwa nayo haurudi, kwa hiyo aliye na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huo asisubiri dalili. Mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka hata akiona vizuri. Na mtu yeyote akiona pazia jeusi, miale kama ya radi, au jicho likawa jekundu lenye maumivu makali huku uoni ukififia, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwetu umeme hukatika. Si bora mtoto asomee kibatari kuliko kukosa?

Kibatari kinatoa mwanga mdogo kuliko tunavyodhani, na moshi mwingi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kaya ziache mafuta ya taa, kwa sababu ya hewa chafu, moto na watoto wanaoyanywa kwa bahati mbaya. Mshumaa au kibatari ndani ya chandarua usikiruhusu kabisa. Chandarua hushika moto upesi.

Hapa ndipo taa ya ndani inapostahili bei yake. Mtoto anaingia ndani ya chandarua na kifaa, anakichomeka chandarua pembeni mwa godoro, anasoma. Hakuna moto, mbu wako nje, na chaji haiishi usiku mmoja. Shirika la Worldreader, lililoanza kugawa Kindle kwa wanafunzi wa Ghana mwaka 2010 na baadaye likafika Kenya, lilifanya kazi na vifaa vya zama ambazo vingi havikuwa na taa. Kwa kifaa kama hicho, taa ndogo ya sola iliyowekwa juu ya ukurasa inatosha.

Binti yangu wa miaka 9 anasoma amejifunika shuka. Atahitaji miwani?

Mwanga usikutishe, umbali ndio wa kuangalia. Watoto hukileta kitabu hadi puani. Ashike kifaa umbali wa sentimita 30 hadi 40, na mchana atoke nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walifuatiliwa kwa miaka mitatu: asilimia 30 hivi walipata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu 40 kwa wenzao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Akikunja macho kuangalia ubao, mpeleke kupimwa.

Nikinunua kilichotumika, nitajuaje taa yake ni nzima?

Gusa sehemu ya juu ya skrini utafute alama ya balbu au ya jua. Kama haipo, huenda hakina taa, hata muuzaji akiapa. Kama ipo, ingia sehemu yenye giza, weka mwanga juu kabisa, kisha ushushe polepole. Vivuli hafifu ukingoni mwa chini kwenye Paperwhite za mwanzo ni kawaida. Doa jeusi katikati, au upande mmoja usiowaka, ni sababu ya kukirudisha au kupunguziwa bei. Nyumbani, weka mwanga kiasi kwamba ukurasa usionekane wa kijivu wala usimulike dari.