Meli za kusimika mitambo ya upepo baharini: yanayodhaniwa na yalivyo

Ukiwa Rongai au Karen siku isiyo na ukungu, mitambo ya upepo ya Ngong unaiona kwa macho. Kwa hiyo gumzo la Nairobi kuhusu upepo wa baharini huanzia nchi kavu: lori, kreni, mafundi, basi. Kenya haina mtambo hata mmoja baharini, ila watu wa bima, wa mizigo na wawekezaji hapa mjini huiulizia biashara ya meli hizi, na mengi wanayoyashikilia sivyo yalivyo.

Dhana: ni meli ya mizigo iliyowekewa kreni

Meli hii ikiwa kazini haielei. Ina miguu ya chuma, minne au sita. Ikifika mahali pake, propela zinazoongozwa kwa satelaiti huizuia isisogee, miguu inashushwa hadi sakafu ya bahari, kisha meli inajipandisha mpaka mawimbi yapite chini yake. Kichwa cha mtambo kina uzito wa mamia ya tani. Huwezi kukilenganisha na matundu ya bolti juu ya mnara wa zaidi ya mita 100 huku kreni inayumba.

Dhana: kina cha maji kikifaa, meli itasimama

Hili ndilo linalovunja meli. Kina ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni udongo. Kabla ya kreni kunyanyua chochote, miguu hupimwa nguvu. Kwenye meli ya miguu minne, uzito huegemezwa miwili ya mshazari, unaachwa hapo mpaka iache kuzama, halafu inakuja zamu ya miwili mingine. Tabaka gumu la mchanga likiwa limelalia mfinyanzi laini, mguu unaweza kulitoboa ghafla na kudidimia mita kadhaa. Meli inainama, mguu unapinda. Heri litokee wakati wa kupima, meli ikiwa imenyanyuka kidogo tu.

Kuondoka nako kuna kazi yake. Unyayo wa mguu ulionasa kwenye mfinyanzi hufyonzwa, ndiyo maana huwekewa mabomba ya kupuliza maji ya shinikizo kuulegeza. Na shimo linalobaki ni mtego: meli nyingine ikija baadaye na kutua ukingoni mwake, mguu huteleza ukaingia humo kwa upande. Mwenye meli asiyedai ramani ya mashimo ya waliomtangulia anajitakia.

Dhana: upepo mkali ni neema kwa wote

Kwa muuza umeme, ndiyo. Kwa mwenye meli ni hasara. Panga moja la mtambo wa Haliade-X, unaotumika Dogger Bank huko Uingereza, lina mita 107. Mitambo ya Ziwa Turkana ina mita 52 tu kutoka ncha ya panga hadi upande wa pili wa duara. Panga hilo likining'inia hushika upepo kama tanga. Upepo ukifika mita 10 hadi 12 hivi kwa sekunde kule juu, kazi inasimama. Hali ikiwa shwari mtambo mmoja humalizika kwa siku moja au mbili. Ikichafuka, meli inakaa juu ya miguu yake na mishahara inaendelea.

Nani analipia siku hizo? Meli ikikodiwa kwa siku, kwa kawaida ni aliyeikodi. Bei ikiwa ya kila mtambo, mzigo humwangukia mwenye meli. Kifungu hicho kisomwe kabla ya bei.

Dhana: kodi ya dola laki kadhaa kwa siku ni utajiri wa haraka

Charybdis, meli iliyojengwa Brownsville, Texas, ilikadiriwa kugharimu takriban dola milioni 500, ikafika milioni 715. Halafu kati ya mkataba na mkataba meli hulala bandarini: fremu za sitahani zinazoshikilia minara na mapanga hukatwa, nyingine zikachomelewa, kwa sababu kila aina ya mtambo ina zake. Siku hizo mara nyingi hazina mapato.

Na meli huzeeka kabla ya chuma chake. Wind Orca na Wind Osprey ziliundwa mwaka 2012 na 2013. Kufikia 2024 ilibidi zipewe kreni mpya, maana mitambo ilikuwa imezizidi. Tani peke yake hazitoshi, ndoano nayo lazima ifike juu ya mnara.

Dhana: Marekani wangekodi tu za Ulaya

Sheria ya Jones ya mwaka 1920 inataka shehena kati ya vituo vya Marekani ibebwe na meli zilizojengwa huko. Meli ya Ulaya inaweza kusimama na kusimika, lakini vipande viletewe kwa tishari la Kimarekani. Tishari linapanda na kushuka na mawimbi, kreni imetulia; kunyanyua hapo kunataka bahari tulivu zaidi.

Dhana: tutaikodi siku moja kwa pwani yetu

Mbele ya Mombasa sakafu ya bahari inaporomoka karibu sana na ufuo, na miguu haifiki. Upande wa Ghuba ya Ungwana maji ya kina kidogo yanaenea mbali zaidi. Hata huko, safari ya kuja na kurudi Ulaya itaingizwa kwenye bili, na ikigawanywa kwa mitambo michache, kila mmoja unabeba gharama ya wiki nyingi za meli kusafiri bila kusimika chochote.