Rain ina ai, play ina ay: mbona sauti ni moja?

Mimi nafundisha Kiingereza na kuna sentensi nakutana nayo kwenye madaftari karibu kila wiki, "I plai in the rayn". Zamani nilikuwa napiga mkasi mwekundu naendelea na daftari lingine. Siku hizi nasimama hapo kwanza, maana huyu mtoto kashajua kwamba ile sauti inaandikwa kwa herufi mbili, ila hajaambiwa kila pea inakaa wapi.

Kiswahili kimetuzoesha vizuri, irabu tano herufi tano, unachosikia ndo unachoandika. Waingereza wana herufi hizohizo tano za irabu lakini sauti zinakaribia 20, sasa herufi zitafanyaje kama hazijashikana mikono? Cheki maneno tuliyoazima kwao: wiki, timu, skimu, risiti. Sisi tumeweka i ya kawaida kote tukamaliza, wao wanaandika week, team, scheme, receipt, yaani sauti ile ile tahajia nne.

Turudi kwenye rain na play. Kiingereza hakipendi neno liishie na i, kwa hiyo katikati weka ai, rain, train, paint, na mwishoni weka ay, day, stay, play. Oi na oy nazo hivyohivyo, coin lakini boy. Taxi na ski zinaishia na i kwa sababu ni za kuja. Played inabaki na y kwa vile shina lake ni play, ila paid, laid na said hizo kariri tu, na said hata sauti yenyewe imebadilika.

Ee na ea ndo kazi ipo, mahali pa herufi hapakusaidii. Meet na meat leo zinatamkwa sawasawa, lakini miaka 600 hivi iliyopita zilikuwa sauti mbili, ile ee ya meet ilikuwa kama ee ya wazee, na ya meat unafungua mdomo zaidi. Kuanzia kama 1400 mpaka 1700 irabu ndefu za Kiingereza zikahama, ulimi ukawa unapanda juu, na katikati ya kuhama huko William Caxton akaleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza, mwaka 1476, wachapaji wakaanza kuzoesha watu tahajia wakati matamshi bado yanatembea. Sauti zikaja kuungana, herufi zikabaki pale pale. Great, break na steak hazikufuata wenzake, ndo maana zina ea lakini huzisomi kama meat. Mtoto akiniuliza kwa nini namweleza hivyohivyo, na anaelewa jamani, msiwadharau.

Darasani naanza na chakula, kwa sababu ea imejaa mezani: eat, meat, tea, beans, peas, wheat, cream. Nawaambia wachore sahani waandike majina juu yake. Beef na cheese zina ee, hizo wanazichora pembeni, nje ya sahani. Juzi mmoja alishaandika "I drink tee", akaangalia mchoro wake, akafuta e ya pili mwenyewe akaweka a, sijamwambia kitu.

Wiki ijayo tunaingia kwenye oa na ow, naanza na koti na boti, coat na boat, halafu snow na window.