"Bwawa limekamilika, nibane umeme wa nini?"

"Fundi, umeme siku hizi mwingi. Unaniambia nibane wa nini?" Wiki hii nimeulizwa hivyo hapa Dar, Sinza, Kariakoo na Mbezi. Kazi yangu ni kupima matumizi ya umeme majumbani na kwenye biashara, na hakuna kauli inayonichosha kama hiyo.

Najua ilikotoka. Mgao wa 2022 na 2023 ulitutesa, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoanza kuzalisha Februari 2024, kila mtu alipumua. Mitambo iko tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Ni kazi kubwa na najivunia. Ila megawati za bwawa hilo hazipunguzi hata shilingi kwenye LUKU yako, yaani umeme unaoulipia kabla ya kuutumia. Mteja wa kawaida wa nyumbani analipa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inafika kama 356, bwawa lifurike au likauke. Uniti ikipotea, imepotea hela yako.

Mama mmoja wa Sinza anauza juisi na barafu, friji lake ni la mtumba. Nilichukua noti ya elfu mbili, nikaibana kwenye mlango, nikafunga. Nikaivuta kwa vidole viwili, ikateleza ikatoka. Mpira umekufa. Joto na unyevunyevu wa Dar vinaingia mchana kutwa, barafu inajijenga ukutani, kompresa hailali. Nikafunga kipimo saa 24: uniti 3.1. Tukabadilisha mpira, tukalisogeza friji lisigusane na ukuta, nikapima tena: 1.9. Kwa mwezi hizo ni uniti 36, karibu shilingi 12,800. Mpira na ufundi vilimgharimu 25,000. Tafadhali, kabla hujaniita, fanya hilo jaribio la noti leo jioni.

Halafu umeme una safari. Kutoka bwawani unapita njia za msongo mkubwa, vituo vya kupoza, mpaka transfoma ya mtaani kwenu, na transfoma hiyo haikuongezeka ukubwa siku bwawa lilipokamilika. Saa moja hadi saa nne usiku AC zinawaka, pasi zinawaka, volti zinashuka, feni inazunguka kwa kuchoka, na siku nyingine fyuzi inakatika mtaa mzima ukalala giza. Watu wanasema mgao umerudi. Mara nyingi ni mzigo tu umeizidi transfoma. Serikali iliyojenga bwawa hilo ndiyo hiyo hiyo iliyoandaa Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024 hadi 2034, kwa sababu kuzalisha na kutumia vizuri ni kazi mbili tofauti.

"Nikiweka AC kwenye 16 chumba kitapoa haraka." Hakipoi haraka. AC ya kawaida, isiyo ya inveta (ile inayopunguza kasi ya kompresa yenyewe), ina kompresa inayowaka au kuzima, basi. Hewa inayotoka ni ileile ukiweka 16 au 25. Tofauti ni kwamba kwenye 16, chumba cha Dar chenye madirisha yasiyoziba hakifiki kamwe, hivyo kompresa haipumziki usiku kucha. Weka 25 au 26, washa na feni. Na safisha chujio! Nimefungua AC za ofisi Posta nikakuta vumbi limeganda kama blanketi.

"Mita inakula." Nahesabu nawe: ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Hizo si uniti zilizoliwa. Ukiwa bado na shaka, zima kila kitu, chomoa friji, kisha tazama taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unavuja au jirani amejiunga kwako, ita fundi.

Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi? Haifiki wati moja. Usigombane na watoto kwa hilo huku hita ya maji inawaka tangu alfajiri.

La mwisho linahusu jiko, na hapa akina mama wananibishia kweli kweli: "Kupikia umeme ni anasa." Inategemea jiko. Sahani ya umeme ikichemsha maharage saa mbili na nusu inamaliza uniti nyingi. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likiwashwa saa nzima bila kukatika haliwezi kuzidi uniti moja, na kwa kweli hukatika, kwa sababu presha ikishapanda linawaka na kuzima lenyewe. Maharage yanaiva ndani ya saa hiyo, kwa chini ya shilingi 356. Nenda kapime mkaa wa maharage hayo hayo kwa bei ya kopo mtaani kwenu.