Mbona dawa za malaria zinabadilishwa kila mara? Tuelewane kidogo

Timu zetu zimeanza tena kupita vijijini kupima kama dawa ya mseto (dawa mbili ndani ya kidonge kimoja) bado inaua vijidudu vya malaria, na malalamiko ni yale yale, nyie wataalam hamueleweki, mlituambia klorokwini, mkaja na SP (sulfadoksini-pirimethamini), mkaja na mseto, kesho mtakuja na nini? Swali ni la haki kabisa.

Ni kweli Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP, halafu mwishoni mwa 2006 ukaja mseto. Walioimeza klorokwini wanakumbuka ule uchungu na mwili kuwasha usiku kucha, ila haikuondolewa kwa sababu ya muwasho, watoto walikuwa wanamaliza dozi na vijidudu bado vimo kwenye damu. Tuliiamini, ikapimwa, ikashindwa, ikaachwa.

Wasomi wamelijadili sana hili la watu kuachia au kung'ang'ania walichokiamini. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1937 aliandika kuhusu Waazande wa Sudan na Kongo, wanampa kuku sumu ya benge wapate jibu la swali kwa kuona kama anakufa au anapona, na jibu likija kuonekana si la kweli, hakuna anayesema benge halifai, watasema sumu iliharibika au kuna mtu kavunja mwiko. Mwanaanthropolojia mwingine, Robin Horton, mwaka 1967 akaziita fikra za hivyo zimefungwa, yaani hazioni njia nyingine, sayansi akaiita wazi. Alipingwa sana, na mwaka 1982 mwenyewe akaurekebisha mgawanyo wake. Tena Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, alishaonyesha tangu 1962 kwamba wanasayansi nao ni wagumu kuachia walichozoea. Ndio maana hatutegemei moyo mweupe wa mtaalam, tunategemea utaratibu.

Na utaratibu ni huu. Siku mtoto anapoanza dawa anatobolewa kidole, anarudi siku ya 3, ya 7, 14, 21 na 28. Slaidi, yaani kioo chenye damu yake, inasomwa kwa darubini na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake kasomaje, wakipishana anaitwa wa tatu. Kuna na tone la damu linalodondoshwa kwenye karatasi, hilo ndilo mnalosema tunauza. Jamani, hatuuzi damu! Hilo tone linatuonyesha kama kijidudu cha siku ya 28 ni kile kile cha mwanzo kilichoishinda dawa au ni kipya kilicholetwa na mbu mwingine, bila hilo tungeilaumu dawa bure. Dawa ikishindwa kwa asilimia 10 ya wagonjwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri nchi ibadilishe.

Mtafiti naye ana wa kumbana. Lazima awe na cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mzazi asomewe fomu kwa Kiswahili na asaini mwenyewe, akikataa hanyimwi matibabu. Anayekiuka anasimamishwa kazi hiyo, na akipika data andiko lake linafutwa. Andrew Wakefield wa Uingereza mwaka 1998 aliandika kuhusu watoto 12 akihusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji, mwaka 2010 jarida la Lancet likalifuta andiko na yeye akaondolewa kwenye rejista ya madaktari. Miaka 12 ni mingi mno, hilo nakiri na linaniuma, kuna wazazi waliacha kuchanja kwa ajili yake.

Sasa ombi langu kwa kina mama, wengi mnaacha kurudi siku ya 7 kwa sababu mtoto anacheza na anakula vizuri. Mleteni hivyo hivyo anavyocheza, mpaka siku ya 28.