Wati za leza hazipimi mng'ao, na dhana nyingine za wanunuzi

Msimu wa harusi ukikaribia, wenye kumbi na madijei huja kuulizia projekta za leza za rangi, zile mashine zinazorusha miali ukumbini, na swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo ina wati ngapi, fundi?" Akiambiwa 3 anataka ya 5, akiambiwa 5 anaulizia ya 10. Nimechoka kulisikia, maana watu wanatoa fedha nyingi kwa namba ambayo peke yake haiwaambii wananunua nini.

"Wati nyingi ndiyo leza kali"

Si kweli. Wati ni nguvu inayotoka kwenye diodi, kile kifaa kidogo kinachozalisha mwanga wa leza, na jicho halizipokei rangi zote kwa usawa. Kila rangi hutambulishwa kwa urefu wa wimbi lake, unaopimwa kwa nanomita, na jicho linaona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, yaani kijani kinachoelekea njano, na uwezo huo unashuka haraka ukisogea upande wa nyekundu au wa bluu. Wati 1 ya kijani cha nanomita 520 ina lumeni, yaani kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona, karibu 485. Wati 1 ya nyekundu ya 638 ina kama 130. Wati 1 ya bluu ya 445 ina kama 20 tu. Wati ni ile ile, lakini kijani kinaipita bluu zaidi ya mara ishirini.

Chukua projekta ya "wati 3" ya bei nafuu. Mpangilio wa kawaida ndani yake ni kama huu: nyekundu wati 0.5, kijani 0.5, bluu 2. Diodi za bluu zenye nguvu hutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya projekta za video, kwa hiyo ni rahisi kuzipata, na ndizo zinazotumika kujazia namba ya kwenye boksi. Ukijumlisha unapata 3 kweli, ila lumeni zote ni kama 350. Iweke pembeni ya mashine ya wati 2 yenye nyekundu 0.7, kijani 0.7 na bluu 0.6. Hiyo inatoa zaidi ya lumeni 440. Ya wati 2 imeishinda ya wati 3, na imeishinda waziwazi. Hata ukitaka rangi nyeupe, bluu ya wati 2 iliyo ndani ya ile mashine ya wati 3 itabidi ishushwe kwa zaidi ya nusu, la sivyo nyeupe yako itakuwa bluu iliyopauka. Umelipia wati ambazo hutazitumia.

Wengine huandika umeme unaoliwa na mashine nzima. "Wati 30" ya kwenye stika ni umeme unaotoka ukutani, na leza yenyewe inaweza kuwa ya miliwati mia chache.

Halafu kuna mtawanyiko wa mwali, yaani pembe ambayo mwali unapanuka kadiri unavyokwenda mbali, inayopimwa kwa miliradiani. Sijawahi kumsikia mteja akiuuliza. Mwali wenye mtawanyiko wa miliradiani 3 unanenepa kwa sentimita 6 ukifika mita 20. Wa miliradiani 1 unanenepa kwa sentimita 2 tu. Wa kwanza umetandaza nguvu yake kwenye eneo kubwa, na hewani unaonekana kama mwanga wa tochi. Wa pili unakata ukumbi mstari mmoja mkali, na huo ndio watu wanaoutaka wanaposema leza.

Kwa hiyo muulize muuzaji wati za nyekundu, za kijani na za bluu, kila moja peke yake, pamoja na nanomita zake. Akishindwa kujibu, mrudishie mashine yake. Akijibu, mwambie awashe kila rangi peke yake kwenye ukuta mweupe, kisha zote kwa pamoja, na aiache iwake nusu saa. Kijani cha nanomita 532 hupatikana kwa kupitisha mwanga kwenye kristali, na kristali hiyo inasumbuliwa na joto. Kwenye ukumbi wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, kijani hicho kinafifia taratibu na nyeupe inageuka waridi kabla keki haijakatwa. Cha 520 kinatoka kwenye diodi moja kwa moja na kinavumilia joto vizuri zaidi. Mimi nachagua 520 siku zote.

"Inazungukazunguka, haiwezi kuumiza macho"

Hapa ndipo wati zina maana yake kamili. Leza inayozidi wati 0.5 iko Daraja la 4, la juu kabisa katika IEC 60825-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza. Kope zinahitaji kama robo sekunde kufunga, na mwali wa daraja hilo unaweza kuunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla hazijafunga. Retina haisikii maumivu, kwa hiyo mgeni ataendelea kucheza na kugundua kesho yake kwamba kuna doa katikati ya anachokitazama. Joto linaloingia kwenye retina linafuata wati, rangi hailipunguzi. Bluu ya wati 2 inayoonekana hafifu ni hatari kuliko kijani cha nusu wati kinachokufanya ufumbe macho. Aliyekimbilia namba kubwa iliyojazwa bluu amenunua hatari nyingi na mwanga kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Julai 2008 nchini Urusi, kwenye tamasha la wazi karibu na Moscow, mvua iliwalazimu waandaaji kusimamisha mahema. Leza zilizopangwa kuelekea angani zikaishia kwenye macho ya watu, na wengi wakaumia retina.

Kanuni za Marekani zinataka miali ipite angalau mita 3 juu ya sakafu wanakosimama watazamaji. Fuateni hiyo hata pale ambapo hakuna anayewakagua. Na kabla ya kuwasha, angalieni mapambo: nguzo za vioo na meza za kung'aa zinazopendwa kwenye harusi zetu zinaurudisha mwali chini kwa wageni. Mpiga video naye aambiwe mapema, kwa sababu mwali mmoja ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuua sensa ya kamera.

"Itaonyesha picha ya bwana na bibi harusi"

Leza huchora kwa mwali mmoja unaorushwa na vioo viwili vidogo. Vioo hivyo na mota zake ndiyo skana. Skana ya 30K inapitia pointi 30,000 kwa sekunde. Ukigawa kwa michoro 25 kwa sekunde, kila mchoro unabaki na pointi 1,200. Zinatosha majina na moyo, hazitoshi sura ya mtu. Tena hiyo 30K inapimwa kwa pembe ya nyuzi 8. Ukitanua mchoro ujaze ukuta, utaanza kuchezacheza.

Kuikagua skana, omba mchoro wa majaribio wa ILDA, chama cha kimataifa cha maonyesho ya leza. Una mraba na duara. Kwenye skana iliyorekebishwa vizuri, duara linagusa pande za mraba kwa ndani. Likibaki dogo, skana ni ya polepole kuliko inavyodaiwa.

"Imeandikwa RGB, basi ina rangi zote"

RGB ni nyekundu, kijani na bluu; rangi utakazopata zinategemea namna diodi zinavyoendeshwa. Mfumo wa TTL unajua kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo unapata rangi saba na basi. Wa analogi unapandisha na kushusha kila rangi kidogo kidogo. Omba rangi ififishwe taratibu hadi izimike. Ikikatika ghafla, ni TTL. Zile ndogo za kumwaga nukta nyekundu na kijani hazina bluu kabisa, na haziandiki hata herufi moja.

"Miali haionekani, leza ni mbovu"

Washa mashine ya moshi. Hewani mwali unaonekana kwa sababu kuna chembe zinazoutawanya; hewa safi haina cha kuonyesha. Moshi mwepesi unaosambaa ukumbi mzima unafaa kuliko mawingu mazito yanayowafunika maharusi, na feni iliyoelekezwa kwenye mashine itaupeleka wote mlangoni.