Fangasi ya kwenye damu: yanayosemwa Mwanza na yanayoonekana maabara

"Fangasi haimlazi mtu." Nimeisikia Igoma, nimeisikia mwaloni Kirumba, na naelewa inakotoka: tunaijua fangasi ya vidole vya miguu na mapunye ya watoto. Lakini kandida, ndugu wa mbali wa hamira ya maandazi, hukaa kimya mdomoni na tumboni, na ikipenya hadi kwenye damu inaua. Huwapata zaidi watoto njiti, wagonjwa mahututi, wenye mpira kwenye mshipa mkubwa na waliotumia antibayotiki muda mrefu. Homa yake haina alama ya pekee. Huku Kanda ya Ziwa homa ni malaria kwanza, halafu antibayotiki, na antibayotiki haiigusi fangasi.

"Chupa moja tu imeota, huo ni uchafu." Hapana. Damu ya mgonjwa hutiwa kwenye chupa za maabara ili kuona kama kuna kijidudu kitakachoota. Bakteria wa ngozi wanaweza kuingia kwenye chupa kwa bahati mbaya. Kandida ikiota kwenye damu, hata chupa moja, ni ugonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata damu isipoota kitu usitulie haraka, maana kuotesha damu hukosa karibu nusu ya maambukizi ya kandida yaliyozama mwilini.

"Flukonazoli inamaliza fangasi zote." Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa kapsuli za dawa hii ya fangasi zipo kila duka la dawa. Kandida zina aina nyingi. Kandida krusei ni sugu kwake kwa asili. Kandida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 kutoka sikioni mwa mgonjwa, mara nyingi haisikii dawa hii, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la fangasi hatari zaidi.

Kwa hiyo maabara tunaitambua kwanza kwa jina, ndipo tunaipima kwa dawa. Sahani ya plastiki ina vishimo 96. Dawa inapunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo kimoja hadi kingine, tunatia fangasi kwa kiasi maalumu, tunaiacha kwenye nyuzijoto 35 kwa saa 24. Kwa flukonazoli tunatafuta kishimo ambacho ukuaji umepungua kwa nusu. Kwa amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi, tunataka pawe peupe kabisa. Mgeni wa kazi huona ukungu hafifu wa albikansi, aina nyingine ya kandida, kwenye vishimo vya flukonazoli akaandika "sugu", na mgonjwa ananyimwa dawa inayomfaa. Kwa viwango vya Marekani, albikansi inayozuiwa na mikrogramu 2 za flukonazoli kwa mililita au pungufu inatibika. 8 kwenda juu ni sugu. Hiyo 8 ikiwa ya glabrata, aina nyingine tena ya kandida, maana yake ni dozi kubwa. Namba bila jina haimsaidii daktari.

"Basi tusubiri majibu ndipo tutibu." Msisubiri. Dawa ianze mara chembe za fangasi zikionekana kwenye darubini, majibu yaje kuirekebisha.

"Maabara imesema dawa inafaa, atapona." Kwa makadirio yanayotumika, wagonjwa wenye fangasi inayosikia dawa hupona kama 90 kati ya 100, wenye fangasi sugu kama 60. Mpira uliobaki mshipani unaweza kuharibu yote, hivyo utolewe inapowezekana. Damu ioteshwe tena na tena: siku 14 za dawa huhesabiwa tangu ilipotoka safi, si tangu homa ilipoisha.