Jeshi la Akiba: Askari Mwenye Waajiri Wawili

Jeshi la akiba ni raia waliofunzwa uaskari, wakaandikwa daftarini, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Hawalali kambini. Mmoja ni mwalimu wa skuli, mwengine fundi wa mashine za boti, mwengine muuguzi. Huitwa siku chache kwa mwaka kunoa walichojifunza, na likizuka jambo kubwa, vita au maafa, huitwa kwa muda mrefu zaidi. Nchi nyingi wana aina mbili: askari waliomaliza utumishi ambao sheria bado inaruhusu kuwarudisha, na raia waliojiunga bila kuwahi kuwa askari wa kudumu. Aina ya pili ndiyo inayosumbua vichwa vya wapangaji.

Kwetu Zanzibar watu huchanganya. Mtu akiona sare ya JKU, KMKM au Valantia, hudhani hao ndio akiba ya jeshi. Sivyo. Hivyo ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, na waliomo wameajiriwa kazi ya kila siku kwa mshahara wa mwezi. Ulinzi wa nchi ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, na Ibara ya 147 inakataza mtu, shirika au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Akiba ya Tanzania ni mgambo, wanaofunzwa na wakufunzi wa JWTZ. Mtaani mgambo anajulikana kwa kukimbizana na wachuuzi, lakini hicho ni kibarua anachopewa na manispaa baada ya mafunzo, wala sicho alichofunzwa kwa ajili yake.

Uzito wa akiba ulionekana mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Jeshi la kudumu halikutosha, na maelfu ya mgambo wakaitwa kulijaza hadi Kampala ilipotekwa Aprili 1979. Baada ya hapo ikaja kazi isiyosimuliwa sana, ya kuwarudisha watu wale makwao. Kuita ni amri tu. Kurudisha kunataka nauli, malipo, matibabu ya majeruhi na shamba ambalo halikulimwa.

Wengi wakisikia kuendesha jeshi la akiba huwaza bunduki na gwaride. Mimi naona shida kubwa imo katika daftari, kalenda na mwajiri.

Kijana wa Micheweni akifunzwa leo, mwaka kesho yuko Paje anafanya kazi hotelini, mwaka wa pili yuko Dar es Salaam, huenda wa tatu yuko Muscat. Jina lake limebaki Pemba. Sheha anajua nani kahama shehiani kwake, lakini anachokijua hakilisaidii jeshi pasipo njia ya kukifikisha. Kwa hiyo nchi ikitangaza idadi ya askari wake wa akiba, la kuuliza ni wangapi wataripoti ndani ya wiki moja wakiwa wazima. Idadi hiyo ya pili ndiyo jeshi. Ile ya kwanza ni orodha ya majina.

Kalenda nayo ina yake. Uingereza humtaka askari wa akiba wa kawaida siku 27 kwa mwaka, zikiwamo wiki mbili za kambi, na akizitimiza hupata bahashishi isiyokatwa kodi. Marekani, kwa desturi, ni wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Utaratibu huo umekatwa kwa kipimo cha mtu wa ofisini. Ukiuleta Pemba msimu wa kuchuma karafuu hutampata mtu. Mvuvi wa dagaa ana nafasi siku za mbalamwezi, taa zake zinapokuwa hazivuti samaki, na mfanyakazi wa hoteli ana nafasi wakati wa masika, wageni wanapopungua. Mpangaji asiyeyajua haya atawaandika watu utoro bure. Wala mafunzo hayawezi kuahirishwa tu, maana ujuzi wa akiba ni kama dau lililopandishwa pwani: likikaa miaka bila kalafati, siku ya kulishusha linavuja.

Lakini aliye mgumu kuliko wote ni mwajiri. Marekani ina sheria ya mwaka 1994 inayomtaka amrudishe kazini aliyeitwa jeshini, na Uingereza ina yake ya mwaka 1985. Shirika kubwa linaweza kuhimili. Mwenye mkahawa wa meza kumi akiondokewa na mpishi hana wa kumweka, hata sheria iseme nini. Ndiyo maana Uingereza humruhusu mwajiri kudai fidia ya gharama zake. Na anayejiajiri? Nahodha wa ngalawa yake mwenyewe hana bosi wa kumlazimisha ampokee. Kwake kinga ni pesa taslimu, basi, na nchi zenye wavuvi na wakulima wengi zikinakili sheria za kiwandani huwaacha nje watu hao hao wanaojaza daftari.

Akiba ya siku hizi hutafuta pia fani ambazo jeshi la kudumu halizitunzi kwa wingi: madaktari, wataalamu wa kompyuta, wapiga mbizi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, miongoni mwa waliotoka kuokoa walikuwa wavuvi na boti za wazamiaji wa watalii wa Nungwi, na baadaye wapiga mbizi wakaja kutoka Afrika Kusini. Ujuzi ulikuwapo ufukweni, mikononi mwa raia. Kuujua mapema, kuuandika na kuufanyisha mazoezi pamoja na vikosi ndiko kuugeuza akiba.

Mageuzi ya majeshi haya kwa kawaida huja baada ya aibu ya vita. Uingereza ilianzisha jeshi lake la akiba la nyumbani mwaka 1908, chini ya waziri Haldane, baada ya vita vya Makaburu kuifundisha adabu. Mwaka 2013 ikatangaza kulifikisha askari 30,000 waliofunzwa, huku jeshi la kudumu likipunguzwa hadi 82,000. Kupunguza kulikwenda haraka, kuandikisha kukasuasua.

Marekani ilipanga upya wanamgambo wa majimbo yake mwaka 1903, nao hadi leo wana mabwana wawili: gavana huwaita kwenye mafuriko, Rais anaweza kuwachukua. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliwatumia kuwazuia wanafunzi weusi tisa kuingia skuli Little Rock. Rais Eisenhower akawatia chini ya amri yake na hao hao wakawalinda wanafunzi. Tanzania haikuacha mwanya huo. Amiri Jeshi Mkuu ni mmoja, Rais wa Jamhuri ya Muungano, na amri ya kuita akiba haigawanywi kati ya Dodoma na Unguja. Meli ikizama mkondo wa Nungwi, Serikali ya Zanzibar inaanza na walio chini yake, KMKM na Zimamoto.